Mshipa, Ateri na Mguu wa Mchuma Karafuu: Historia Fupi ya Istilahi za Njia za Damu

UTANGULIZI

Kila lugha inayo maneno yaliyozoea kubeba maana nyingi kwa wakati mmoja. Msemaji hayaoni kuwa yameelemewa, kwa kuwa mazingira ya mazungumzo humsaidia msikilizaji kuchagua maana ipasayo. Lakini taaluma mpya inapoingia, na maana zilizokuwa zikikaa pamoja kwa amani zikatakiwa kutenganishwa, neno lile lile hugeuka likawa chanzo cha utata. Neno mshipa ni moja katika maneno hayo.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya neno hilo, na ya istilahi zilizozaliwa kando yake, yaani ateri, vena, neva na kano. Tutaziangalia istilahi hizo kwa njia ya kazi moja ya tiba ambayo haivumilii utata hata kidogo. Kazi yenyewe ni ile ya kuchagua mshipa wa damu mguuni utakaopokea kipande cha nyama na ngozi kilichohamishwa kutoka sehemu nyingine ya mwili ili kuuokoa mguu ulioharibika.

Tumekichukua kisiwa cha Pemba kuwa mahali pa mfano wetu kwa sababu mbili. Kwanza, Pemba ni kisiwa cha karafuu. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoshika nafasi ya mbele katika zao hilo, na uchumaji wake ni kazi ya kupanda juu ya mti mrefu na kuvuta matawi. Palipo na kupanda pana kuanguka, na anayeanguka kutoka mkarafuuni mara nyingi huvunjika mguu. Pili, neno mshipa lina uzito wa pekee katika visiwa na katika mwambao wote, kama tutakavyoona, na mfasiri asiyeujua uzito huo huenda akamdhuru mgonjwa pasipo kukusudia.

MSHIPA KATIKA LUGHA YA KILA SIKU

Mswahili wa kawaida anapotaja mshipa huwa na maana zisizopungua tano. Maana ya kwanza na ya pili ni njia za damu, ile ipelekayo damu kutoka moyoni na ile irudishayo. Husemwa kuwa mshipa unapiga, na hapo kinachokusudiwa ni ateri. Husemwa pia kuwa mishipa imemsimama mtu kwa hasira, na hapo zinazoonekana shingoni na kwenye paji la uso ni vena. Maana ya tatu ni njia ya hisi, ambayo vitabu vya shule viliita mshipa wa fahamu. Maana ya nne ni uzi mgumu unganishao msuli na mfupa, yaani ukano. Mtu akiteguka husema kuwa mshipa umemkaza. Maana ya tano si kiungo bali ni maradhi: mtu kuwa na mshipa ni kuwa na ngiri au busha.

Maana hii ya tano haifai kupuuzwa. Maradhi ya matende na mabusha yalienea kwa miaka mingi katika visiwa vya Unguja na Pemba, hata mwaka 2001 Zanzibar ikaanza kuwagawia watu wote dawa ili kuukomesha ugonjwa huo. Katika jamii iliyoishi na maradhi hayo kwa vizazi vingi, neno mshipa likitajwa na daktari mbele ya mwanamume mtu mzima, maana ya kwanza kumjia huenda isiwe njia ya damu.

Tuchukue mfano. Mchuma karafuu wa makamo ameanguka. Mifupa yote miwili ya muundi imevunjika, nyama imechanika, na mfupa unaonekana. Daktari kijana anamwamkia kwa heshima, kisha anamweleza: “Mzee wangu, tutatafuta mshipa mzuri tuukate, tuunganishe na nyama tutakayoitoa pajani.” Mzee anamtazama, anajibu: “Mwanangu, mimi sina mshipa. Mimi nimevunjika mguu.” Ndugu zake waliosimama kando wanatazamana. Neno pajani limeshakaa karibu na neno mshipa, na sasa wanaamini kuwa daktari anataka kugusa mahali ambapo hapakuumia. Wanaomba muda wakashauriane na wakubwa wa ukoo. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyekosa adabu. Kilichokosekana ni neno.

Mfano wa pili ni wa upande wa mgonjwa. Mgonjwa huyo huyo akisema, “Mshipa umekatika, vidole havipandi,” daktari hajui bado kilichokatika. Ikiwa ni kano, tiba yake ni moja. Ikiwa ni neva, tiba yake ni nyingine. Na ikiwa ni ateri, pengine mguu mzima umo hatarini na saa zinahesabiwa. Nalo jina mshipa wa fahamu halijasaidia sana, kwa kuwa fahamu kwa watu wengi ni akili. Mtu aliyeambiwa kuwa mshipa wa fahamu wa mguu umeharibika huweza kuuliza iwapo atapoteza akili.

UTATA HUU SI WA KISWAHILI PEKE YAKE

Wapo wanaouona utata wa neno mshipa kuwa ni dalili ya uchanga wa lugha yetu. Historia haiwaungi mkono. Wayunani wa kale, ambao kutoka kwao tiba ya Ulaya imechukua sehemu kubwa ya istilahi zake, walikuwa na hali iliyofanana na yetu. Neno lao neuron lilitumika kwa ukano na hata kwa uzi wa upinde, na kwa muda mrefu halikuitenga njia ya hisi. Walioanza kuzipambanua neva na kano kwa kupasua maiti walikuwa wataalamu wa Aleksandria, Herophilus na Erasistratus, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Neno lao arteria nalo lilitumika pia kwa koromeo la pumzi. Praxagoras wa Kos, aliyezitenga ateri na vena, aliamini kuwa ateri hupitisha hewa, kwani katika maiti hukutwa tupu. Ilimbidi Galen, katika karne ya 2 baada ya Kristo, athibitishe kuwa ndani ya ateri mna damu.

Kwa hiyo Ulaya haikupata maneno yaliyotengana kwa sababu ya ubora wa lugha. Maneno yalifuata kisu cha mpasuaji. Kadiri macho yalivyotenganisha vitu, ndivyo lugha ilivyolazimika kutenganisha majina, na mara nyingi jina lilibaki lile lile la zamani huku maana ikibanwa. William Harvey alipoeleza mzunguko wa damu mwaka 1628, hakuhitaji neno jipya la ateri. Alichofanya ni kulipa neno la kale kazi iliyo wazi.

Waarabu nao, ambao lugha yao imekipa Kiswahili hazina kubwa ya msamiati, waliyatenga mambo haya zamani: sharyan kwa ateri, warid kwa vena, na asab kwa neva. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hatukuyachukua maneno hayo, hali tumechukua daktari wa Kiarabu kwa jina la tabibu na elimu yake kwa jina la tiba. Sababu moja ni dhahiri kwa kila Mswahili. Tungelisema waridi kwa maana ya vena, tungekutana na ua la waridi, ambalo limekwisha kaa katika lugha na katika ushairi wetu. Wafasiri wa Kurani kwa Kiswahili walipofika mahali palipotajwa mshipa wa shingo kwa neno la warid, hawakuliazima neno hilo, bali waliweka mshipa. Walifanya vyema, kwa kuwa msomaji wao alitaka kuhisi ukaribu, hakutaka somo la anatomia. Huo ni ushahidi kuwa neno mshipa linatosha kabisa pale linapotumika mahali pake.

KUINGIA KWA ATERI NA VENA

Kamusi za karne ya 19 na za mwanzo wa karne ya 20, zilizotungwa zaidi na wamisionari na maofisa wa kigeni, zililikuta neno mshipa likiwa na upana huo wote, zikauandika kama zilivyousikia. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, juhudi kubwa zilielekezwa katika tahajia, sarufi na vitabu vya shule za msingi. Elimu ya juu ya tiba ilifundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo haja ya kuipasua maana ya mshipa haikuonekana. Mwalimu wa elimu ya siha alitosheka na mishipa ya damu.

Hali ilibadilika baada ya uhuru. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 lilianza kuchapisha orodha za tafsiri sanifu kwa ajili ya wizara, mashirika na shule. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 ikatoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Mwaka 2003 taasisi hiyo hiyo ilitoa Kamusi ya Tiba. Ni katika mkondo huo wa kazi ndipo ateri, vena, kapilari na neva zilipopata uraia katika vitabu vyetu.

Utaratibu uliokubaliwa wa kuunda istilahi unajulikana kwa wasomaji wa jarida kama hili. Kwanza hutazamwa Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Kwa nini basi ateri na vena, maneno ya asili ya Kiyunani na Kilatini, yalipenya mbele ya maneno yetu? Jibu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na jina la jinsi nzima, yaani mshipa, bali hakikuwa na majina ya aina zake. Palikuwapo mapendekezo ya kueleza kwa maneno mengi: mshipa upelekao damu, mshipa urudishao damu. Maelezo hayo ni mazuri darasani, lakini yakiingia katika sentensi ya kitabibu hurefuka kupita kiasi. Jaribu kusema “mshipa urudishao damu ulio juujuu wa upande wa ndani wa mguu” mara tatu katika ukurasa mmoja, utaona kwa nini wataalamu walichagua vena.

Tena yapo maelezo yaliyopotosha. Kusema mshipa wa damu safi na mshipa wa damu chafu kuliwafanya wanafunzi wengi waamini kuwa damu ya vena ni uchafu wa kutolewa. Imani hiyo inakaribiana na ile ya kuumika kwa chuku ili damu mbaya itoke. Mtu mwenye imani hiyo hataelewa kwa nini daktari anahangaika kuutafutia mguu wake vena nzuri.

KAZI YA KUCHAGUA MSHIPA

Sasa tuiangalie kazi yenyewe, ili tujue ni maneno gani yanayotakiwa. Mkulima wa karafuu anajua tofauti kati ya kukata tawi na kuhamisha mche. Mche huhamishwa pamoja na bonge la udongo wake, na unapofika mahali papya haukawii kunyauka usipopata maji. Katika tiba, ngozi nyembamba inayochunwa na kulazwa juu ya kidonda chenye nyama nzima hupata chakula chake kutoka chini. Lakini pale ambapo mfupa uko wazi, ngozi hiyo haishiki. Hapo hutakiwa kipande kinene chenye ateri yake na vena yake, nacho kikishahamishwa lazima kiunganishwe na ateri na vena za mahali papya. Bila ya hivyo hufa kwa muda wa saa chache.

Historia ya kazi hii si ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Alexis Carrel, aliyeanza utafiti wake mjini Lyon mwaka 1902, alionyesha jinsi ya kushona mishipa ya damu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mwaka 1960 Julius Jacobson na Ernesto Suarez wa Marekani walishona mishipa midogo wakitumia hadubini. Mwaka 1963 Chen Zhongwei na wenzake mjini Shanghai waliurudisha mkono wa mfanyakazi wa kiwanda uliokuwa umekatika kabisa. Mwaka 1973 Rollin Daniel na Ian Taylor mjini Melbourne walieleza jinsi walivyohamisha ngozi ya kinena hadi sehemu ya chini ya mguu na kuiunganisha na mishipa ya huko. Kwa hiyo mguu ulikuwapo tangu mwanzo wa historia ya kazi hii. Katika miaka iliyofuata, madaktari wa China waliongeza njia zilizoenea duniani kote: Yang Guofan na wenzake mwaka 1981 kwa kipande cha mkono wa chini, na Song Yeguang na wenzake mwaka 1984 kwa kipande cha paja.

Kutajwa kwa China hapa kunatuhusu. Tangu mwaka 1964 timu za madaktari kutoka jimbo la Jiangsu zimekuwa zikifanya kazi Zanzibar, na Pemba zimekuwa katika Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Daktari wa Kichina anayezungumza na mgonjwa wa Pemba huhitaji mkalimani, na mara nyingine maneno hupita katika lugha tatu: Kichina, Kiingereza na Kiswahili. Neno lililo na maana tano katika lugha ya tatu hufika kwa mgonjwa limekwisha poteza maana iliyokusudiwa katika lugha ya kwanza.

Mpasuaji anachagua namna gani? Chini ya goti mguu hulishwa na ateri tatu. Moja hupita mbele, karibu na mifupa, ikafika juu ya wayo, ambako mapigo yake huweza kuguswa kwa vidole. Ya pili hupita nyuma, ndani ya misuli ya shavu la mguu, ikatokea nyuma ya kifundo cha ndani. Ya tatu hufuata mfupa mwembamba wa upande wa nje. Mfupa unapovunjika kwa nguvu, ateri ya mbele huumia kwa urahisi kwa kuwa iko jirani na mfupa. Ile ya nyuma hukingwa na misuli, na ndiyo sababu wapasuaji wengi huipendelea. Lakini hakuna kanuni isiyo na masharti. Kwanza hupimwa mapigo, kisha hutumika mawimbi ya sauti au picha za eksirei baada ya kutiwa dawa mishipani, ili ijulikane ateri ngapi zingali nzima. Mguu uliobakiwa na ateri moja tu haukatwi ateri hiyo. Hapo mshipa wa kipande kilichohamishwa hushonwa ubavuni mwa ateri, na damu ikaendelea kwenda wayoni kama kawaida. Njia hiyo ilitetewa kwa nguvu na Marko Godina wa Ljubljana mwaka 1979.

Jambo la pili ni umbali. Jeraha linaloonekana kwa macho ni dogo kuliko madhara yaliyomo ndani. Mishipa iliyo karibu na mahali palipopondeka huwa migumu, hukakamaa, na damu huganda ndani yake. Kwa hiyo mpasuaji huenda mbali na jeraha, mara nyingi juu yake kuelekea gotini, hata apate mshipa laini utoao damu kwa nguvu. La tatu ni vena. Kila ateri ya muundi hufuatana na vena mbili za ndani, na ziko pia vena za juujuu chini ya ngozi. Kipande kilichohamishwa hufa mara nyingi zaidi kwa kukosa njia ya kutoa damu kuliko kwa kukosa njia ya kuiingiza. Kwa hiyo kuchagua vena si jambo la kuachwa mwisho.

La nne ni wakati. Mwaka 1986 Godina alichapisha matokeo ya wagonjwa 532. Kwa waliofanyiwa kazi hii ndani ya saa 72, vipande vilivyokufa havikufika 1 katika 100. Kwa waliofanyiwa baada ya hapo lakini kabla ya miezi 3, vilikuwa 12 katika 100. Wapasuaji wa baadaye wameujadili sana mpaka huo wa saa 72, hasa tangu kuja kwa vifaa vya kufyonza majimaji ya kidonda, na wengine wameulegeza. Hata hivyo funzo la jumla limebaki: kuchelewa kuna gharama. Kwa mgonjwa wa Pemba anayelazimika kuvuka bahari kwenda Unguja au Dar es Salaam kutafuta tiba kubwa zaidi, siku moja iliyopotea katika kuelezana neno mshipa ni theluthi ya muda ule.

ISTILAHI ZINAZOHITAJIKA

Kutokana na maelezo hayo, tunaweza kupendekeza istilahi chache na kutoa sababu zake.

Jambo la kwanza ni jina la mshipa uliochaguliwa. Mfasiri wa haraka, akikuta Kiingereza kinatumia neno moja kwa njia ya damu na kwa chombo cha kutilia kitu, huenda akaandika chombo cha kupokea. Mpemba atakayeisoma tafsiri hiyo ataona jahazi au bakuli. Mwingine ataandika mshipa wa mpokeaji. Hilo nalo halifai, kwa kuwa mpokeaji katika tiba ni mtu aliyepewa figo au damu ya mtu mwingine, na hapa mtoaji na mpokeaji ni mgonjwa mmoja. Yupo anayependelea mshipa mwenyeji, kwa kuwa kipande kilichohamishwa ni kama mgeni aliyekaribishwa. Fikra hiyo ni nzuri na ina ladha ya Kiswahili, ila biolojia imekwisha kulitumia neno mwenyeji kwa kiumbe kinachokaa na kimelea, na katika nchi iliyopambana na matende hatupendi mkanganyo huo.

Sisi tunapendekeza mshipa mpokezi. Umbo lake linafuata sarufi tuliyoizoea katika kitenzi kisaidizi na vitenzi visaidizi, na upatanisho wake hauna taabu: mshipa mpokezi, mishipa mipokezi, kama mti mpana, miti mipana. Linapokuja pamoja na ateri na vena, zilizo katika ngeli nyingine, huwa ateri pokezi na vena pokezi, kama nyumba pana.

La pili ni kipande chenyewe. Ngozi nyembamba isiyo na mshipa wake iendelee kuitwa pandikizo la ngozi. Kile chenye mishipa yake kiitwe kipande hai, kwa sababu uhai wake ndio unaokitofautisha.

La tatu ni njia za kuunganisha. Pale mshipa mmoja unaposhonwa mwisho wake kwa mwisho wa mwingine, tuseme ncha kwa ncha. Pale unaposhonwa ubavuni mwa mwingine, tuseme ncha kwa ubavu. Maneno haya hayahitaji kamusi. Seremala na mfua bomba watayaelewa.

La nne ni vena mbili zifuatanazo na ateri. Wanafunzi wengine wameziita vena wenza, wakikumbuka wake wenza. Kwa hesabu, mzaha huo una ukweli, kwani ni wawili kwa mmoja. Lakini vena hizo hazishindani, na istilahi isimwachie mwalimu kazi ya kutuliza kicheko darasani. Vena sindikizi linatosha.

La tano ni eneo la madhara. Tusitumie eneo la jeraha, kwa kuwa jeraha kwa Mswahili ni kile aonacho. Msomaji ataamini kuwa mshipa ulio pembeni mwa ukingo wa kidonda uko salama, na kosa hilo ndilo hasa linaloogopwa.

La sita ni mguu wenyewe. Kwa Kiswahili mguu huanzia nyongani hata ukafika vidoleni. Katika hati za hospitali ni bora kutaja paja, goti, muundi, kifundo au wayo. Fomu ya ridhaa iliyoandikwa “upasuaji wa mguu” haijasema kitu.

HITIMISHO

Katika yote hayo hatukupendekeza kulifukuza neno mshipa. Lilikuwapo kabla ya vitabu, na litaendelea kuwapo. Linafaa kuwa jina la jinsi nzima ya njia za damu, na ateri na vena ziwe aina zake. Neva ziachwe zijitegemee bila ya kuitwa mishipa ya fahamu, na kano zirudishiwe jina lao la asili, ambalo ni la Kiswahili na halina kosa lolote.

Lakini istilahi iliyomo kitabuni haijafika bado kwa mgonjwa. Mzee wa Pemba hatasoma kamusi kabla ya kuanguka. Kwa hiyo mfasiri na mkalimani wana kazi mbili. Wanapoandika kwa ajili ya madaktari na wanafunzi, waandike ateri pokezi pasipo kuona haya. Wanaposema na mgonjwa na ndugu zake, waanze kwa kuondoa maana isiyokusudiwa: “Mzee wangu, sisemi habari ya ngiri wala busha. Nasema njia ya damu iliyomo hapa, nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu wako. Weka kidole, utaisikia ikipiga.” Mzee akishaisikia kwa kidole chake, atajua ni kitu gani kinachozungumzwa, na anaweza kukubali au kukataa akiwa anajua anachokubali au anachokataa.

Walimu wa vyuo vya afya nao wanaweza kusaidia kwa kuwazoeza wanafunzi kuyasema mambo haya kwa njia zote mbili, ya kitaaluma na ya kawaida, tangu mwaka wa kwanza. Tunawaomba wasomaji walio Pemba, na hasa wauguzi na wakalimani wa hospitali, watuletee maneno mengine yanayotumika huko kwa sehemu za muundi na kwa aina za mishipa. Huenda lahaja ikawa na neno bora kuliko haya tuliyoyapendekeza.